Leza ya macho: mliopitia wenyewe mniambie ukweli (niko Goma)

Furaha_Himbi

Jamani habari zenu. Niko Goma, miaka 27, nafundisha klasi ya tano ya primeri. Malineti (miwani) nilianza kuvaa nikiwa na miaka 11, leo nimefika -5,50 jicho la kuume na -5 la kushoto, maana yake bila malineti mtu akisimama mlangoni simjui mpaka aseme kitu nisikie sauti.

Kaka yangu mkubwa eko Nairobi kwa kazi, amesema atanilipia ile operesheni ya leza, na likizo kubwa hii njo nataka kwenda. Hii kitu naitamani tangu usiku wa 22 Mei 2021, wa Goma munajua, volkeno yetu ya Nyiragongo ilipotapika moto tukakimbia kuelekea mupaka, watu wengi sana, mbingu nyekundu, mtu akanigonga na godoro alilobeba kichwani, malineti ikaanguka na watu wakaikanyaga, nikatembea mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, nimeshika nguo ya mdogo wangu, sioni mawe, sioni gari, nasikia tu watu wanalia na kuitana majina. Tangu siku ile malineti inalala pembeni ya kichwa changu, nikisikia kelele usiku mkono unaitafuta mbele hata sijafungua macho. Nimechoka kuishi hivyo.

Sasa mama hataki kusikia. Anasema leza ni moto na moto hauwekwi kwenye jicho. Dada mmoja wa kanisa naye anasema anajua mtu alitoka kule haoni kabisa, ukimuuliza ni nani hana jina. Mimi naogopa vitu vya kawaida: wanakulaza usingizi ao unaona kila kitu? ukipepesa jicho ao ukikohoa leza inapiga wapi? inauma? na nikirudi nitafanya nini na vumbi ya Goma, kila asubuhi napanda moto (pikipiki) kwenda kazini, darasani ni chaki, nyumbani tunapika na makala. Nitakaa siku ngapi bila kufundisha? Naomba anijibu aliyepitia, si aliyesikia. Asanteni sana.

Kaka_wa_Birere

Dada Furaha, mimi nilifanya Nairobi, sasa miaka miwili, ile inaitwa LASIK, nilikuwa -4. Nakueleza siku yenyewe pole pole kwa sababu mimi hakuna mtu aliyenieleza, na ile kutojua njo ilinitesa kuliko operesheni.

Hawakulazi. Uko macho kabisa, umelala chali, wanakutilia matone ya ganzi mara mbili tatu mpaka jicho halisikii kitu. Mimi walinipa pia kidonge kidogo cha kutuliza moyo mbele ya kuingia. Kupepesa hauwezi hata ukitaka, kuna kachuma kadogo kanashika kope juu na chini, na jicho lile lingine wanalifunika. Halafu inakuja sehemu moja tu mbaya, nakuambia mapema usishtuke: wanaweka kama pete juu ya jicho, inalivuta, unasikia limebanwa kama mtu anakukandamiza na kidole gumba, na kuona kunafifia, kijivu, kisha giza kabisa kwa sekunde kadhaa. Nilidhani limeharibika. Munganga alikuwa anahesabu kwa sauti, kumi na tano, kumi na nne, hiyo ilinisaidia sana, wewe mwombe naye akuhesabie.

Hapo leza ya kwanza inakata kifuniko chembamba juu ya konea, ile ngozi ya kioo ya mbele. Munganga anakifunua pembeni kama ukurasa wa kaye (daftari), unaona ukungu tu, kama umefungua macho ndani ya maji ya ziwa. Anakuambia angalia taa inayometameta. Leza ya pili inaanza, tak tak tak tak haraka sana, na kunatoka harufu ya nywele zilizoungua. Mwambie mama hivi: ile leza haichomi. Ni mwanga wa urujuanimno ambao jicho halioni, unaachanisha chembe za konea mpaka zinatoka kama mvuke, na pembeni hakupati joto. Harufu ni ya zile chembe. Kwangu haikufika nusu dakika kwa kila jicho. Na mashine inafuata jicho popote linapokwenda, likisogea sana inajizima. Ukisikia kikohozi kinakuja sema tu, wanasimamisha, wanangoja, wanaendelea. Mwisho anarudisha kifuniko mahali pake, anaosha, anakilaza na kabrashi. Hakuna kushona, kinajishika chenyewe. Macho yote mawili kama dakika 20 hivi. Niliinuka nikaona saa ya ukutani, bado ukungu ukungu lakini namba nazisoma, nikalia pale pale mbele ya wauguzi.

Maumivu yanakuja nyuma, ganzi ikiisha. Ni kama moshi wa makala mabichi umekuingia na mchanga juu yake, machozi yanatiririka, mwanga hautaki. Dawa yake ni kulala. Kaka yako akupeleke nyumbani straight, usipite sokoni, usiangalie simu, fumba macho ulale masaa manne ao matano. Nilipoamka yalikuwa yamepungua sana, na kesho yake asubuhi tukienda kontroli nikasoma mabango ya barabarani kutoka ndani ya gari.

Usiku wanakupa vifuniko vya plastiki vya kufunga juu ya macho, wiki nzima. Usiviache hata kama vinakusumbua! Mimi usiku wa nne niliamka mkono uko unasugua, unasugua plastiki. Bila ile plastiki ningekivuta kifuniko cha konea nikiwa usingizini.

Kuhusu vumbi sasa. Nilirudi Goma siku ya nane, sikupanda moto mpaka wiki mbili zimeisha, nilitembea kwa miguu ao taksi madirisha yamefungwa. Kisha nikanunua lineti zile zinazofunika mpaka pembeni pamoja na kasiki (kofia ya moto) yenye kioo. Vumbi yetu si udongo kama ya watu wengine, ni makoro ya volkeno yaliyosagika, kila chembe ina makali. Hapo usifanye mchezo.

Nyawera_BKV

Mimi niko Bukavu na walinikataa. Nakuandikia dada kwa sababu wengi wanakuja hapa kusema ilivyokwenda vizuri na hakuna anayesema kwamba unaweza kufika mpaka kule, pesa ya safari imekwisha, na munganga akakuambia hapana.

Tangu utoto macho yananiwasha, msimu wa kiangazi nasugua mpaka yanakuwa mekundu. Mbele ya kwenda, mahali pamoja (sitapataja) walinitazama na taa tu wakaniambia wewe ni mzima, nenda ufanye. Kule nilikoenda walinipima karibu asubuhi nzima, wakachora ramani ya konea yangu kwa mashine, rangi rangi, na munganga akanionyesha chini pale palipokuwa pekundu, konea imeanza kuchongoka kama koni. Inaitwa keratokonasi. Akaniambia ukikata kitu kwenye konea ambayo tayari ni dhaifu, itazidi kuvimba mbele, na kuona kutaharibika kwa namna ambayo malineti hayatatosha kurekebisha. Nililia kwenye ile kiti yake. Sasa namshukuru kila siku, kwa sababu ningejilazimisha mahali pengine wangenikubali tu. Walinifanyia kitu kingine, wanatilia matone ya vitamini B2 kisha mwanga, ili konea ikaze isiendelee kuchongoka. Malineti bado navaa.

Kwa hiyo dada, waulize watakupima nini. Wakisema watakupima kwa dakika kumi na kukuingiza siku ile ile, toka. Kama unavaa lensi zile za kubandika juu ya jicho ziache mapema, zile laini angalau wiki moja ao mbili, zile ngumu zaidi ya hapo, kwa sababu zinabadilisha umbo la konea na vipimo vinadanganya. Na usitangaze safari kwa watu wote wa avenue, ukikataliwa maswali yao yatakuchosha kuliko macho.

Muuguzi_Macho

Nafanya kazi ya uuguzi upande wa macho hapa Goma, leza hatufanyi lakini wanaorudi nazo tunawapokea. Nyawera amesema neno kubwa. Wewe ni mwalimu dada, piga hesabu hii pamoja na mimi. Konea ya katikati kwa watu wengi ina unene wa mikroni kama 540, ni kama nusu milimita. Kifuniko cha LASIK kinachukua kama 110. Kila namba moja ya myopi (kutoona mbali) leza inakula kama mikroni 12 mpaka 15, kwa hiyo -5,50 yako ni kama 75. Inabaki 355 chini ya kifuniko, ni sawa. Waganga hawapendi ibaki chini ya 300, na 250 ni mpaka. Lakini kama konea yako ni 480 tangu mwanzo hesabu inageuka. Ndiyo maana hakuna mtu hapa anayeweza kukuambia wewe unafaa ao haufai.

Kuna namna nyingine inaitwa PRK. Hakuna kifuniko, wanaondoa tu ngozi laini ya juu kabisa na leza inapiga pale pale, halafu wanakuwekea lensi laini kama bandeji siku nne tano mpaka ile ngozi iote upya. Ubaya wake, siku tatu za kwanza zinauma kweli, na kuona kunarudi pole pole, wiki, wakati mwingine miezi. Uzuri wake, baada ya kupona hakuna kifuniko kinachoweza kuhama siku mtu atakapokupiga kiwiko ao mpira utakapokugonga, na kifuniko cha LASIK kinaweza kuhama kwa pigo hata miaka ikiwa imepita. Kwa mtu anayeishi na moto na watoto wa shule mimi ningeuliza swali hilo kwa munganga. Na iko ya tatu, SMILE, leza inatengeneza kipande chembamba ndani ya konea na munganga anakitoa kwa tundu dogo la milimita chache, si kila mahali wana mashine yake.

Sasa yale ninayoyaona huku na yananiumiza moyo.

Matone. Utapewa antibiotiki, utapewa dawa yenye kortizoni, na machozi ya bandia. Ile ya kortizoni inapunguza uvimbe, ni nzuri, lakini ina siku zake na namna ya kuipunguza. Watu wanaipenda kwa sababu jicho linakuwa jeupe, chupa ikiisha wanaingia farmasi yoyote wananunua nyingine, miezi na miezi. Presha ya jicho inapanda kimya kimya, haiumi, mshipa wa kuona unakufa, na hiyo glokoma hairudishwi. Ikiisha imeisha, usinunue.

Halafu karatasi zako. Konea ikipunguzwa, mashine ya kupima presha ya jicho inasoma chini kuliko ukweli, kwa hiyo baada ya miaka 15 munganga anaweza kukuambia presha ni nzuri na si nzuri. Na ukizeeka ukapata mtoto wa jicho, hesabu ya lensi ya kuweka inahitaji vipimo vyako vya kabla ya leza. Omba karatasi zote, unene wa konea, ramani, namba zako za zamani, piga picha, mtumie kaka yako naye abaki nazo. Sisi wa Goma tunajua karatasi zinavyopotea siku moja usiku mtu akikimbia.

Na jicho lenyewe ndani bado ni la myopi, ni refu, leza inabadilisha mbele tu. Ukiona siku moja cheche za mwanga, vidoa vyeusi vingi vya ghafla ao kama pazia linashuka, kimbia kwa munganga siku ile ile, hiyo ni retina, ile ngozi ya nyuma ndani ya jicho. Siku za kwanza baada ya operesheni nako, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha, kuona kunakoshuka ghafla, usingoje kesho. Usikubali mtu akutilie maziwa ya mama, majani wala maji ya baraka ndani ya jicho. Naheshimu imani ya kila mtu, lakini jicho lililokatwa ni kidonda wazi.

Kontroli ni kesho yake, wiki, mwezi, miezi mitatu, sita. Za mwisho unaweza kufanyia hapa, HEAL Africa wako na huduma ya macho, ila ongea nao mbele ya kusafiri.

Mzee_Katindo

Binti yangu, nilifanya nikiwa na miaka 39, leo niko 47. Mbali naona vizuri sana. Lakini kusoma Biblia navaa malineti ya karibu, kwa sababu ile ya kuzeeka kwa jicho baada ya 40 leza haiizuii, na watu wanadhani walidanganywa. Hawakudanganywa, hawakuuliza tu. Usiku taa za magari zilikuwa na duara kama mwezi wenye ukungu, miezi minne hivi, kisha zikapungua. Macho kukauka pia, ilinichukua karibu mwaka, asubuhi kope zinashikana. Uwe na subira.

Furaha_Himbi

Asanteni sana sana, nimesoma zote na mama nimemsomea ile ya mvuke kwa sauti, akanyamaza, kwa mama yangu kunyamaza ni kitu. Nimeandika maswali yangu kwenye kaye. Muuguzi samahani nakusumbua tena, kunawa uso? rangi ya macho? na mdogo wangu anauliza ziwa, maana Jumapili tunaogaga.

Muuguzi_Macho

Husumbui. Wiki ya kwanza panguza uso na kitambaa chenye unyevu, maji yasiingie, ukioga inamisha kichwa nyuma. Rangi ya macho, marashi na krimu usipake kabisa siku ya operesheni, na kope ziache wiki mbili, ununue wanja mpya, ule wa zamani una vijidudu. Ziwa mwezi mzima hapana. Na makala, mwingine apike.

Furaha_Himbi

Ni mimi tena, leo siku ya kumi na mbili tangu operesheni. Niliwaahidi nitarudi.

Konea yangu ilikuwa 512 na 508, munganga akasema LASIK inawezekana lakini alipenda PRK, nikamwambia habari ya moto na watoto naye akasema basi hiyo njo inakufaa. Kaka wa Birere mambo ya harufu na tak tak yalikuwa vile vile, nilimwomba ahesabu na akahesabu, kwa Kiswahili. Ila pete ile ya giza mimi sikuwekewa, PRK haina.

Sasa siku tatu zile. Sitasema uongo, ziliuma. Siku ya pili nilikaa chumbani pazia limefungwa, kitambaa juu ya macho, nikajiuliza kwa nini nilikuja, nikampigia mama simu nikashindwa kuongea. Yeye mwenyewe akaimba tu mpaka nikalala. Siku ya nne asubuhi yalikwisha karibu yote, ya tano wakatoa ile lensi. Lakini msitegemee kama LASIK, nilipotoka pale nilikuwa naona kama kupitia nailoni, na kila siku inabadilika, asubuhi vizuri jioni ukungu. Leo nasoma namba ya gari ikiwa upande wa pili wa barabara. Maandishi madogo ya simu bado yananipiga, haya nayaandika kwa herufi kubwa na nimepumzika mara tatu. Kufundisha nitaanza na rantre ya Septemba, shule zikifunguliwa, nisingeweza wiki hii. Jua la Goma ndilo linaniumiza kuliko vumbi, lineti nyeusi sizitoi nje, munganga alisema miezi kadhaa kwa sababu jua linaweza kuacha ukungu kwenye konea.

Nilirudi juzi, Kigali mpaka Gisenyi kwa busi, natilia machozi ya bandia kila nusu saa. Jana usiku umeme ukakatika, mbwa za jirani zikaanza kulia, mkono wangu ukaenda pale pembeni ya kichwa kutafuta. Hakukuwa na kitu. Nikafungua macho, nikaona dirisha, nikaona waya za neti, nikamwona mdogo wangu amesimama mlangoni na nikajua ni yeye mbele hajasema.

Mama ameandika saa za matone kwenye ukuta wa jikoni na kalamu ya makala, moja ya kila dawa, hakubali nijitilie mwenyewe. Ananiita sasa hivi, nitajibu maswali kesho.